Mkopo wa nyumba Texas: nimeambiwa nimtafute mshauri wa nyumba wa bure. Kuna aliyewahi kusaidiwa?

Mama_Pacha_HTX
Wakuu habari, na shikamooni wanaostahili. Naandika humu kwa sababu hakuna anayenijua. Kwenye kundi letu la WhatsApp la Houston hili siwezi hata kuligusia.

Tulinunua nyumba 2021 kwa mkopo wa FHA, yaani ule unaodhaminiwa na serikali ya shirikisho. Mume ni dereva wa lori, mimi nahudumia wazee. Tulianza na rejesho la dola 1,740 kwa mwezi. Riba ni ile ile, lakini bima na kodi ya majengo zimepanda kila mwaka mpaka sasa rejesho la mwezi limefika 2,310. Halafu mume akapasuliwa mgongo, akakaa miezi minne bila kazi. Tumeshindwa marejesho matatu. Wiki iliyopita imekuja barua: tulipe malimbikizo yote ndani ya siku 20, la sivyo deni zima litadaiwa kwa mkupuo na nyumba iende mnadani.

Kampuni inayokusanya marejesho nikipiga simu, kila siku napokelewa na mtu mwingine, naanza hadithi upya. Mmoja ndiye aliyeniambia kuna washauri wa nyumba wanaotambuliwa na HUD (wizara ya nyumba ya Marekani), hawalipishi. Huku nako kuna ndugu yetu mmoja, Mswahili mwenzetu, anataka dola 2,500 kwanza ili "aongee na benki", na ametukataza kupokea simu zao. Mume anamwamini huyo, anasema cha bure lazima kina kasoro. Nishike lipi? Na huyo mshauri anafanya nini ambacho mimi mwenyewe siwezi?

Kaka_wa_Tandika
Pole sana dada. Huyo ndugu mkimbieni leo leo. Sheria ya shirikisho inamkataza mtu anayeahidi kukuombea nafuu ya mkopo wa nyumba kuchukua hata senti kabla benki haijakupa ofa ya maandishi nawe ukaikubali. Mawakili wenye leseni wana utaratibu wao, lakini huyo si wakili. Na kukukataza usiongee na kampuni yako, hilo nalo ni kosa kisheria. Anataka usijue kwamba hajapiga simu yoyote.

Namba ya HUD ni 800-569-4287, unaweka zip kodi yako (namba ya posta ya mtaa wako) wanakutajia ofisi za karibu. Wasiokulipisha wewe wanaishi kwa ruzuku, hakuna uchawi hapo.

Nesi_wa_Usiku
Mdogo wangu, mimi nimepita njia hiyo hiyo nikiwa Dallas, kwa hiyo nikueleze nilivyoona, siyo nilivyosimuliwa.

Mshauri hana uwezo wa kuilazimisha benki. Kazi yake ni kupanga faili lako liwe haliwezi kurudishwa. Unasaini fomu ya kumruhusu aongee na kampuni kwa niaba yako, kisha mnakaa na bajeti yenu mstari kwa mstari. Beba stabu za mishahara (karatasi za malipo), taarifa za benki za miezi miwili, fomu za kodi ya mapato mlizowasilisha serikalini, barua ya hospitali, na barua yako mwenyewe inayoeleza kilichotokea. Hiyo barua iwe fupi. Mimi niliandika kurasa tatu za machozi, akanikatia ikabaki nusu ukurasa: nini kilitokea, lini, na kwa nini sasa naweza kulipa tena.

Sasa nakuja penye aibu. Ataona pesa mnazotuma nyumbani kila mwezi. Usifiche. Mimi nilikuwa natuma 400 kwa mama Mbeya, na mwanzoni sikuiandika kwenye bajeti, hesabu zikakataa. Akaniambia bila kunihukumu: iandike, tuone kama inawezekana kuipunguza kwa muda.

Na kama mnacheza upatu, mwambieni mapema! Mwezi wangu wa kupokea uliangukia kwenye ile taarifa ya benki, dola 3,000 zimeingia kutoka kwa watu sita. Kampuni ikauliza hicho ni kipato gani. Ilibidi niandike maelezo kwamba ni akiba yangu mwenyewe inayonirudia, na kila mwezi ninatoa 500. Ukinyamaza, watahesabu una mshahara usiokuwa nao.

Mzee_wa_Kahawa
Mimi nitasema msichotaka kusikia. Kama mgongo haumrudishi kwenye lori, uzeni wenyewe mapema mbaki na chochote. Kubadilishiwa masharti hakufuti deni, kunalisogeza tu.

Nesi_wa_Usiku
Mzee una hoja, ila kwa FHA malimbikizo yanaweza kuwekwa pembeni bila riba, ukayalipa siku unapouza au kumaliza mkopo. Wanaweza pia kurefusha muda, hata miaka 40. Na mshauri wa kweli atakupigia pia hesabu ya kuuza. Wangu alinipigia.

Msukuma_Minneapolis
Angalizo: kila jimbo na mambo yake. Kwetu Minnesota baada ya mnada wa sherifu mara nyingi una miezi 6 ya kukomboa nyumba. Texas hakuna hiyo. Mnada ni Jumanne ya kwanza ya mwezi, taarifa inaletwa siku 21 kabla, na kesi mahakamani kwa kawaida haihitajiki. Msilale.

Kaka_wa_Tandika
Kweli, lakini asipaniki pia. Kwa kawaida kampuni haiwezi kuanzisha mnada kabla deni halijapita siku 120. Na maombi yaliyokamilika yakiwafikia zaidi ya siku 37 kabla ya tarehe ya mnada, lazima wayaamue kwanza. Neno ni *yaliyokamilika*. Hapo ndipo wengi wanakwama.

Mama_Pacha_HTX
Wakuu, mrejesho. Tumeenda, na mume nimemvuta kwa mkono. Mama mmoja mtu mzima, mpole, saa mbili nzima. Kitu cha kwanza alichouliza: msamaha wa kodi wa nyumba unayoishi mwenyewe, mliuomba lini? Tukatazamana. Hatukuwahi kuuomba! Miaka yote hii tunalipa kodi kamili. Kumbe unaweza kuomba hata kwa miaka miwili iliyopita, tumejaza fomu pale pale. Hilo peke yake litashusha rejesho. Mume hajamtaja tena yule ndugu.

Maombi yametumwa. Ndani ya siku tano za kazi wakajibu kwamba hayajakamilika: wanataka ukurasa wa 6 wa taarifa ya benki. Nimeutafuta ukurasa wenyewe, hauna kitu, umeandikwa tu "6 kati ya 6". Mshauri alicheka, akasema kila wiki anaona hilo. Nimeutuma hivyo hivyo mweupe, na risiti ya faksi nimeitunza.