Naomba ushauri: nikimbie wapi na saa ngapi kwenye jiji lenye joto?

Wakuu, habari zenu. Nimeanza kukimbia kilomita 5 mara tatu kwa wiki, lakini jiji lina joto kali na watu ni wengi mno. Jioni nimejaribu nikashindwa: lami na kuta bado zinatoa joto la mchana, na foleni ya magari inanijaza moshi kifuani. Saa 11 alfajiri kuna nafuu, ila unyevunyevu ni mwingi, jasho halikauki, na giza linanitia hofu kwa kuwa niko peke yangu. Wenye uzoefu, mnakimbia wapi? Kuzunguka uwanja mmoja kunatosha, au nitafute barabara za ndani? Na mwili huchukua muda gani kuzoea joto, wiki mbili? Naombeni msaada, sitaki kuacha.