Tupeane uzoefu: reggae ilivyokuzuia kushika silaha

Mleta mada
Ndugu zangu, naomba kila mmoja aeleze, kwa yale yaliyompata mwenyewe, jinsi wito wa amani katika reggae ulivyomrudisha nyuma alipokuwa tayari kwa fujo. Mfano ninaouenzi ni wa tarehe 22 Aprili 1978, Bob Marley alipowaita jukwaani mjini Kingston, Jamaika, Michael Manley na Edward Seaga, mahasimu wa siasa ambao wafuasi wao walikuwa wakiuana mitaani, akawashikanisha mikono juu ya kichwa chake, ilhali yeye mwenyewe alipigwa risasi nyumbani kwake Desemba 1976.

Mchangiaji, Nakuru
Januari 2008, baada ya uchaguzi wa Kenya, vijana wa mtaa wetu tulikusanyika njia panda tukiwa na rungu na mawe. Lucky Dube, mwimbaji wa reggae wa Afrika Kusini, alikuwa ameuawa na majambazi mjini Johannesburg Oktoba iliyotangulia, na tangu siku hiyo kinyozi wetu hakuacha kupiga nyimbo zake. Asubuhi ile alitoa spika nje, akaiweka kwenye kiti cha wateja na kupiga "Together as One" mara kwa mara bila kutuambia neno lolote. Wengine walikwenda zao kupigana, jambo linaloniuma hadi leo, lakini baadhi yetu tuliketi, na jirani tuliyekusudia kumfukuza alipopita na mkokoteni wenye godoro na sufuria, tulimsaidia kusukuma hadi barabarani.

Mchangiaji, Moshi
Nawashukuru, ila mapatano ya Kingston hayakudumu: vurugu za uchaguzi wa 1980 ziliua mamia ya Wajamaika. Tusiupunguze muziki huu ukawa wa kubembeleza tu, kwa maana wimbo "War" wa Marley wa mwaka 1976, ambao maneno yake yametokana na hotuba ya Haile Selassie, mfalme wa Ethiopia, mbele ya Umoja wa Mataifa tarehe 4 Oktoba 1963, unasema wazi kwamba pasipo usawa hapana amani. Jirani alipong'oa masale, mimea inayoonyesha mpaka wa kihamba chetu, yaani shamba la ukoo, ndugu zangu walinoa mapanga; mimi, niliyelelewa na nyimbo hizo, niliwasihi twende barazani, na huko sikunyamaza hata kikao kimoja, mpaka masale yakapandwa upya mbele ya mashahidi na jirani huyo akiwapo.