Kuomba video na ripoti ya ukaguzi TSA

Swali: Wakuu, ombi la FOIA (sheria ya Marekani ya kupata taarifa za serikali) kwa TSA (shirika la Marekani la usalama wa usafiri, linalokagua abiria) kuhusu tukio la ukaguzi uwanja wa ndege liandikweje? Abiria si raia wa Marekani.

Jibu 1: Uraia si kikwazo. Taja uwanja, jengo la abiria, tarehe na saa. Ukiandika "kumbukumbu zote" watakurudishia ufafanue, na zile siku 20 za kazi walizopewa za kujibu hazianzi kuhesabiwa. Ambatanisha tamko la utambulisho lenye saini ya abiria, chini ya adhabu ya kusema uongo. Muhuri wa wakili si lazima.

Jibu 2: Video ndiyo ya kukimbilia! Kamera nyingi ni za mamlaka ya uwanja, na rekodi mpya hufuta ya zamani. Omba kote kuwili, TSA na mamlaka ya uwanja, na utake kwa maandishi isifutwe.

Jibu 3: Tarajia kurasa zilizopakwa weusi. Taarifa nyeti za usalama, yaani SSI, huzuiwa kwa kinga namba 3 ya FOIA, yaani kipengele kinachoruhusu taarifa zisitolewe. Rufaa ya ndani, yaani ndani ya serikali yenyewe kabla ya mahakama, ina siku 90 za kazi. Ila amri ya TSA kwamba kitu ni SSI hupingwa mahakama ya rufaa ya shirikisho, ndani ya siku 60. Wengi huenda mahakama ya wilaya ya shirikisho, ambayo ni ya chini yake, na kukwama.