Kutafuta nasaba ya babu aliyelima Nicodemus, Kansas

Kutoka: Mama watoto, Wichita

Ndugu wanajumuiya, habari za kwenu.

Mimi ni Mtanzania niliyeolewa na Mmarekani mweusi. Wazee wa upande wa mume wangu husimulia kwamba babu yao mmoja alizaliwa utumwani Kentucky, akahamia Nicodemus, kijiji cha walowezi weusi katika Kaunti ya Graham, mwishoni mwa miaka ya 1870, na akalima huko hadi mauti yalipomkuta. Mume wangu ni kilembwe chake. Kwa upande wangu watoto wameshatajiwa mababu wa vizazi saba bila kufungua karatasi yoyote. Kwa upande wa baba yao hakuna anayelijua hata jina la mama wa mzee huyo, na mama mkwe, ambaye ndiye mwenye kumbukumbu, umri umekwenda. Naomba mwongozo wa mahali pa kuanzia, pamoja na kujua nyaraka zipi ni za bure na zipi hulipiwa.

---

Kutoka: Mzee wa Topeka

Mwanangu, salaam kwako na kwa shemeji yetu.

Anza na mama mkwe wiki hii hii, kabla ya kompyuta. Mwombe ruhusa umrekodi, na usimuulize habari za babu peke yake: ulizia ndugu zake, kanisa alilosali, mahali alipozikwa, na majirani waliotoka naye Kentucky. Jina lisilo la kawaida la ndugu yake mmoja litakusaidia kuliko jina la babu mwenyewe, kwa kuwa makarani wa sensa waliandika majina walivyoyasikia, na mtu yuleyule huonekana kwa tahajia tofauti kila baada ya miaka kumi.

Kisha rudini nyuma kwa sensa za serikali kuu, ambazo majina yake hufungwa kwa miaka 72, hivyo ya karibuni iliyo wazi ni ya 1950. Zote zinapatikana bure katika tovuti ya nasaba ya FamilySearch ukishajiandikisha. Ile ya 1900 ina mwezi na mwaka wa kuzaliwa, na ile ya 1880 inaeleza uhusiano wa kila mtu na mkuu wa kaya pamoja na jimbo walikozaliwa wazazi wake. Sensa ya 1890 karibu yote iliharibika katika moto uliotokea Washington mwaka 1921, lakini ninyi mna bahati, kwa maana Kansas ilifanya sensa zake yenyewe mwaka 1885 na 1895, na ile ya 1885 inaonyesha pia mtu alitoka wapi alipoingia jimboni. Vyeti vya kuzaliwa na vya kifo vya ngazi ya jimbo msivitafute kabla ya Julai 1911, kwa kuwa usajili huo ulikuwa haujaanza.

Hata hivyo, kwa mkulima wa enzi hizo ardhi husema mengi kuliko sensa. Waliofika Nicodemus kuanzia 1877 waliishi kwanza katika mahandaki waliyoyachimba ardhini, na wengi walichukua mashamba chini ya Sheria ya Homestead ya 1862, ambayo ilimpa mtu hadi ekari 160 kwa sharti la kukaa na kulima miaka mitano. Ili apewe hati ilimbidi atoe ushahidi pamoja na mashahidi wawili: nyumba ina ukubwa gani, ekari ngapi zimelimwa, mazao gani, familia ina watu wangapi. Ushahidi huo umo katika jalada lililoko Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, na huagizwa kwa fomu ya NATF 84 kwa malipo. Someni majina ya mashahidi kwa makini, kwa sababu mara nyingi ni majirani waliohama pamoja, na nyayo zao zinaweza kuwarudisha katika kaunti ileile ya Kentucky.

Huko Kentucky ndiko kwenye ugumu. Tangazo la Rais Lincoln la 1863 la kuwaacha huru watumwa halikuligusa jimbo hilo, kwa kuwa halikuwa miongoni mwa majimbo yaliyoasi, na watumwa wengi waliobaki huko walipata uhuru wa kisheria Desemba 1865. Ndiyo maana sensa ya 1870 ndiyo ya kwanza kuwaandika wote kwa majina. Orodha za watumwa za 1850 na 1860 zina umri, jinsia na rangi tu chini ya jina la bwana. Msidhani kwamba jina la ukoo la babu lazima ndilo la bwana wake wa mwisho. Kama alikuwa askari katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, na vijana wengi weusi wa Kentucky walijiandikisha katika kambi ya Camp Nelson, agizeni jalada lake la pensheni kwa fomu ya NATF 85. Mjane aliyedai pensheni alilazimika kuthibitisha ndoa isiyokuwa na cheti, kwa hiyo humo hukutwa viapo vya ndugu na watu waliotumikishwa pamoja, na wakati mwingine jina la bwana na la mama. Kwa maoni yangu hakuna waraka wa enzi hiyo ulio bora kuliko huo.

---

Kutoka: Mama watoto, Wichita

Shikamoo mzee, na asante sana. Mama mkwe amesimulia mengi, na katika sensa ya 1885 tumempata babu akiwa mkulima. Lakini katika tovuti ya hati za ardhi ya serikali kuu jina lake halimo kabisa. Je, ina maana hakuwa na shamba?

---

Kutoka: Mzee wa Topeka

Marahaba. La, tovuti ile huonyesha waliotimiza masharti hadi mwisho na kupewa hati tu. Aliyeandikisha shamba kisha akaliacha kwa ukame au kwa deni jalada lake lipo pia, ila utalifikia kupitia vitabu vya viwanja vya ofisi za ardhi, ambavyo FamilySearch imevipiga picha. Inawezekana vilevile alinunua kwa mtu mwingine, na hapo mtamkuta kwa msajili wa hati wa kaunti, katika mji wa Hill City, pamoja na rehani zake. Reli ilipoupita mji wa Nicodemus kando mwaka 1888 biashara zilihamia mji wa jirani wa Bogue na familia nyingi zikaondoka, kwa hiyo msipomwona Nicodemus mwaka 1895, mtafuteni jirani kwanza kabla ya kumtafuta mbali.

Mwisho wa Julai kila mwaka wazao wa Nicodemus hukusanyika huko. Nendeni na mama mkwe akiweza, mkiwa na picha za zamani na orodha ya majina ya mashahidi. Jalada likifika na mwandiko ukawashinda, leteni nakala hapa tuusome pamoja.