Rilei ya kinga ya breka iliyogoma kukata (50BF): je, milisekunde 120 zinatosha?

Mhandisi Chipukizi:
Ndugu wahandisi na mafundi wa kinga, salaam. Ninaandaa mipangilio ya rilei ya 50BF, yaani kifaa kinachoamuru breka za jirani zikate pale breka iliyoamriwa inapogoma, kwa njia ya umeme ya kilovolti 220, yenye breka (swichi kubwa ya kukata umeme) ya gesi ya SF6 inayokata kwa mizunguko 3, yaani milisekunde 60 kwenye mfumo wa 50 Hz, na CT (transfoma za kupimia mkondo) za uwiano wa 800/1. Nimependekeza kizingiti cha mkondo kiwe ampea 0.8 upande wa sekondari (ule wa rilei), ili rilei isichanganye mzigo wa kawaida na hitilafu, na muda wa kusubiri uwe milisekunde 120 kabla ya kukata breka zote za basba (upau mkuu unaounganisha njia za umeme kituoni). Mkaguzi wangu amenirudishia hesabu hizo akiniagiza nizipitie upya, bila kueleza kasoro iko wapi. Ninaomba pia kujua kama mipangilio hiyohiyo inaweza kutumika kwenye breka ya transfoma.

Fundi wa Gridi:
Ndugu, nianze na kizingiti, kwa kuwa hapo hofu yako haina msingi. Rilei hii haiamki yenyewe kwa kuona mkondo. Huamshwa na amri ya kukata kutoka kinga nyingine, na kazi ya kizingiti ni kuithibitishia kwamba mkondo bado unapita kwenye breka iliyokwisha kuamriwa kukata. Kwa hiyo huhitaji kukiweka juu ya mzigo. Unapaswa kukiweka chini ya mkondo mdogo kabisa wa hitilafu unaoweza kupita kwenye breka hiyo, ukikumbuka hitilafu za ardhi zenye ukinzani mkubwa. Ampea 0.8 ni ampea 640 upande wa msingi, na hitilafu ya mti ulioegemea waya inaweza isifike hapo. Mimi ningeanza na ampea 0.2, ambazo ni ampea 160 halisi.

Kwenye muda ndipo penye mtego. Wengi huchukua muda wa breka, wakaongeza kiasi cha usalama, wakasahau kwamba kipima mkondo cha rilei nacho huhitaji muda wa kuachia, yaani wa kutambua kwamba mkondo umekoma. Breka inapokata, mkondo wa msingi hufika sifuri, lakini sumaku iliyobaki ndani ya kiini cha CT huendelea kusukuma mkondo kwenye nyaya za sekondari. Ukifungua rekodi ya tukio kwenye kompyuta utauona wazi: mawimbi yanakoma, kisha unabaki mkia usio na mawimbi, unaoshuka taratibu kuelekea sifuri. Kwa CT zenye pengo la hewa kwenye kiini, kama zile za daraja la TPY, mkia huo ni mrefu zaidi, na kadiri unavyoshusha kizingiti ndivyo rilei isiyo na mbinu ya kuutambua inavyochelewa kuachia. Rilei nyingi za kidijitali za sasa zina hesabu maalumu ya kuutambua mkia huo, lakini usilichukulie hilo kwa imani. Lisome kwenye kitabu cha rilei yako, kisha ulipime.

Sasa tuhesabu. Breka ni milisekunde 60. Ikiwa amri ya kukata hupitia rilei ya kati (inayopokea amri na kuipitisha kwa breka) wakati 50BF inaamshwa moja kwa moja, ongeza 10. Kuachia kwa kipima mkondo nikupe 30, na usalama 60. Jumla ni milisekunde 160. Kwa milisekunde 120 zako, usalama unaobaki ni 20 tu, na breka ikichelewa kidogo kwa sababu ya grisi kukauka au betri kushuka, utazima basba nzima wakati breka ilikuwa inamalizia kazi yake.

Kisha angalia jumla ya muda hadi hitilafu ikatwe na breka za jirani: kinga kuu 25, kusubiri 160, rilei ya kufungia (inayozikata breka hizo na kuzizuia zisifungwe tena) 10, breka za jirani 60, jumla milisekunde 255. Kama kanda ya pili ya rilei za umbali (kinga ya akiba inayofikia hitilafu za mbali zaidi) kwenye vituo vya jirani imewekwa milisekunde 400, una nafasi ya kutosha. Hata hivyo, waulize watu wa mipango ya gridi kuhusu ukomo wa ustahimilivu wa mitambo ya kuzalisha, kwa kuwa ukomo huo ndio wenye kauli ya mwisho.

Mama Transfoma:
Kwa transfoma, usinakili mipangilio ya njia. Rilei ya Buchholz (inayotambua gesi au msukumo wa mafuta ndani ya transfoma) inaweza kuamuru kukata kwa hitilafu ya mizunguko michache ya koili, ambayo mkondo wake upande wa kilovolti 220 haufiki hata hizo ampea 160. Kipima mkondo kitasema breka imekwisha kukata, nayo bado imefunga. Kwa amri za namna hiyo, tumia kontakti saidizi ya breka, ile ya 52a, kama ushahidi wa pili. Kwa hitilafu za kawaida, ubaki na mkondo, kwa sababu kontakti hiyo huendeshwa na fimbo za mtambo, na nimeshaona fimbo iliyolegea ikionyesha breka iko wazi ilhali haikuwa hivyo.

Ongeza pia hatua ya kuamuru upya kupitia koili ya pili ya kukatia, bila kuchelewa au kwa milisekunde 50. Mara nyingi tatizo ni waya au koili, wala si breka yenyewe, na hatua hiyo huokoa basba.

Mzee wa Majaribio:
Niongeze jambo moja kutoka kazini. Katika kituo kimoja tulikuwa tunaingiza mkondo wa majaribio kwenye rilei ya njia, na kiungo cha kuamsha 50BF kilikuwa hakijafunguliwa. Breka yenyewe ilikuwa imetengwa, lakini mkondo wetu ulizidi kizingiti, muda ukaisha, basba ikazima na wateja wake wote. Tangu siku hiyo hufungua viungo vya kuamsha na vya kukata kwa mkono wangu, kisha ninavigusa kimoja kimoja kabla ya kuwasha sanduku la majaribio.

Mhandisi Chipukizi:
Nashukuru sana wakubwa zangu. Narudisha hesabu kwa mkaguzi zikiwa na ampea 0.2 na milisekunde 160, pamoja na 52a kwenye transfoma. Nimeangalia bamba la CT zetu sasa hivi: ni za TPY, hivyo nitapima muda wa kuachia kabla ya kuandika ile 30.