Nasoma Fizikia kila siku lakini maswali yananishinda: nijiandaeje kwa mtihani wa kidato cha nne?

Mwanafunzi wa kidato cha nne, Uyole, Mbeya

Shikamooni walimu wangu, kaka na dada zangu. Nitafanya mtihani wa taifa mwezi Novemba. Kila jioni, nikishamaliza kazi za nyumbani, nasoma daftari la Fizikia kwa muda wa saa mbili, na karibu kila ukurasa nimeshaupigia mistari kwa kalamu ya rangi. Ninaposoma naona kila kitu kinaeleweka, lakini katika mtihani wa majaribio nilikutana na swali la vitu vinavyoelea, mada niliyokuwa nimeisoma juzi yake tu, nikakosa hata pa kuanzia. Naomba mnieleze ninapokosea. Mama yangu ameuza viazi vyake mapema ili anilipie tuisheni, nami sitaki jasho lake lipotee.

Mwalimu wa Fizikia, Iringa

Marahaba mwanangu, na pole. Tatizo lako si uvivu. Umekuwa ukilizoea daftari, ilhali mtihani unakutaka ukumbuke na kukokotoa ukiwa na karatasi tupu mbele yako, na kuzoea ukurasa hakumfundishi mtu kazi hiyo. Kuanzia leo, soma mada moja kwa dakika ishirini, kisha funika daftari uandike yote unayoyakumbuka, yaani maana, kanuni, vizio na michoro. Ndipo ufungue daftari ujisahihishe kwa kalamu nyekundu. Palipojaa wekundu parudie kesho, halafu baada ya siku tatu, halafu baada ya wiki. Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyejipima mwenyewe na kuchapisha matokeo yake mwaka 1885, alionyesha kwamba tunasahau kwa kasi zaidi mwanzoni, na kwamba marudio yaliyotawanywa katika siku kadhaa hushinda yale yaliyorundikwa usiku mmoja.

Tuchukue hilo la kuelea. Kipande cha mbao chenye ujazo wa sentimita za ujazo 500 na tungamo la gramu 300 kinaelea majini. Ni sehemu gani yake imezama? Aliyekariri ataitaja kanuni ya Archimedes neno kwa neno, kwamba kani inayokisukuma kitu juu ni sawa na uzito wa kimiminika kilichohamishwa, kisha atakwama hapo. Aliyeelewa ataanza na kile anachokiona: mbao imetulia, kwa hiyo kani inayoisukuma juu ni sawa na uzito wake, kwa hiyo maji yaliyohamishwa yana gramu 300, ambazo ni sentimita za ujazo 300. Imezama sehemu tatu kati ya tano. Usiishie hapo. Jitungie swali la pili, ukibadilisha maji yawe mafuta yenye densiti ya gramu 0.8 kwa sentimita ya ujazo, nawe utapata sentimita za ujazo 375, yaani robo tatu ya mbao. Mwanafunzi anayeweza kuligeuza swali hivyo hatishwi na sura mpya ya swali katika chumba cha mtihani, na kwa maoni yangu maswali matano yaliyogeuzwa namna hii yana faida kuliko hamsini yaliyonakiliwa pamoja na majibu yake.

Mitihani ya miaka iliyopita ifanye kwa saa, mezani, bila daftari, na uchanganye mada, kwa sababu siku yenyewe hakuna atakayekuambia kwamba swali hili ni la mwanga na lile ni la umeme.

Mwanafunzi wa uhandisi, mzaliwa wa Tukuyu

Mdogo wangu, Mwalimu amemaliza upande wa nadharia, nami naongezea mtihani wa vitendo, ambao wengi wetu tuliuacha hadi wiki ya mwisho. Hata kama maabara hufunguliwa kwa nadra, pendulamu unaweza kuifanya nyumbani. Funga jiwe dogo kwenye uzi, lining'inize kwenye fremu ya mlango, na upime urefu hadi katikati ya jiwe. Uzi wa mita 1 huenda na kurudi kwa takriban sekunde 2. Ukipima mwendo mmoja tu kwa simu, kidole kikichelewa sekunde 0.2 tayari umekosea kwa asilimia 10. Ukihesabu miendo 20, kucheleweshwa kule kule kunakuwa nusu ya asilimia. Rudia kwa urefu tofauti tofauti, uchore grafu ya mraba wa muda dhidi ya urefu, na mwinamo wake utakaribia 4, nawe ukigawanya mara nne ya mraba wa pai (karibu 39.5) kwa mwinamo huo utapata mchapuko wa mvutano wa dunia wa karibu 9.8. Nilipoipata namba hiyo kwa jiwe la uani kwetu, niliacha kuiogopa maabara.

Mwanafunzi wa kidato cha nne, Uyole, Mbeya

Nawashukuru sana. Limebaki jambo moja: naelewa vizuri nikieleza kwa Kiswahili, lakini mtihani ni wa Kiingereza, na hapo sentensi zinanikatikia.

Mwalimu wa Fizikia, Iringa

Elewa kwanza kwa Kiswahili, na usiku huo huo uandike kwa Kiingereza. Mama akibandika maharage, mweleze kwa nini yanachelewa kuiva kwenu kuliko Dar es Salaam: Mbeya mjini ni takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kanieneo ya hewa ni ndogo, kwa hiyo maji huchemka kwenye nyuzi zinazokaribia 94 badala ya 100, na maharage yanapikwa na maji yasiyo na joto la kutosha. Akikuelewa, andika maelezo hayo kwa sentensi tatu za Kiingereza, na neno linalokukwamisha liingize nyuma ya daftari. Kisha lifanye swali la kuelea bila kufungua kitu chochote, ulilete hapa Jumamosi, nami nitalisahihisha mstari kwa mstari.