Mnaoandika "haina gluteni" kwenye menyu halafu mnakaanga kwenye mafuta ya samaki wa unga, mnatuumiza

Wakuu, habari zenu. Nimerudi Dar Alhamisi iliyopita nikitokea Leicester, Uingereza, na hasira niliyonayo nimeshindwa kuimeza. Uzi ni mrefu, mnivumilie.

Nianze na hali yangu ili tusipotezeane muda. Nina ugonjwa wa siliaki. Nikila gluteni, yaani protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai, hata chembe, kinga ya mwili wangu inaugeukia utumbo wangu mdogo na kuula. Siyo dayati wala siyo kuringia chakula. Nilihangaika miaka sita: leo natibiwa taifodi, kesho amiba, keshokutwa vidonda vya tumbo, na damu inapungua kila nikipima. Daktari mmoja ndiye aliyeagiza kipimo cha kingamwili, halafu wakapitisha kamera na kukata kinyama cha utumbo. Nilikuwa na miaka 31 na kilo 43. Dawa yake hakuna. Ni kuacha hizo nafaka tatu mpaka kufa.

Nyumbani naishi vizuri. Mimi ni wa Tanga. Wali wa nazi, ugali wa sembe, muhogo, vitumbua vya mchele, mkate wa kumimina, vyote ni vyangu. Tabu inaanza nikivuka mpaka.

Nilikwenda kwenye mahafali ya mdogo wangu wa mwisho. Mama hakuweza kusafiri, baba hatunaye, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa familia nzima pale. Jioni kabla ya siku yenyewe tukaingia baa moja inayouza chakula, jina naliacha. Menyu yao imejaa alama ya bila gluteni. Nikafurahi. Nikamwambia mhudumu kwa Kiingereza kilichonyooka: nina siliaki, nataka kuku wa kuchoma na chipsi, ni salama? Akasema salama kabisa, soma alama hiyo. Nikala.

Saa nne usiku nilikuwa sakafuni bafuni. Kutapika, kuharisha, tumbo linakaza mpaka unashindwa kunyooka. Asubuhi mdogo wangu kavaa joho lake, kasimama mlangoni, ananiuliza, "Dada, niende peke yangu?" Nikamwambia nenda mdogo wangu. Alipanda jukwaani hakuna hata mtu mmoja wa kwao ukumbini wa kumpigia vigelegele. Miaka mitatu kasoma kwa pesa ya kuungaunga, na siku hiyo haitarudi.

Siku ya pili nikarudi pale baa. Nikamuuliza meneja chipsi wanakaangia wapi. Akanionyesha kikaangio kile kile kinachokaanga samaki waliochovywa kwenye rojo la unga wa ngano! Nikamuuliza, sasa mbona mmeweka alama? Akanijibu kwamba mafuta yana moto mkali, yanaua kila kitu. Wakuu, gluteni siyo kidudu. Ni protini. Haifi kwa moto, inabaki kwenye mafuta na kuganda kwenye chipsi zangu.

Halafu akanifunulia chini ya menyu, maandishi ya ukubwa wa chungu. Kumbe alama yao haisemi "haina gluteni". Inasema "haina viambato vyenye gluteni". Mtu atasema ni mamoja. Hapana! Kwa sheria ya kule, chakula kikiitwa "haina gluteni" lazima kiwe na gluteni isiyozidi miligramu 20 kwa kilo, iwe cha dukani au cha mgahawani. Hayo maneno mengine yanamaanisha tu kwamba mpishi hakuweka ngano kwa makusudi. Ubao, mafuta, kijiko, unga unaopeperuka jikoni, hakuna anayevibebea dhamana. Wamechukua lugha ya mgonjwa, wakaipinda kidogo, wakachota pesa yake na lawama wakamwachia yeye.

Na hii ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu ile siyo nchi isiyojua. Tangu Desemba 2014 kila anayeuza chakula Uingereza anatakiwa kuweza kumwambia mteja kama kuna kimojawapo cha vizio 14, yaani vyakula vinavyowadhuru wenye mzio, na nafaka zenye gluteni zimo. Mwaka 2016 binti wa miaka 15, Natasha Ednan-Laperouse, alifariki kwa ufuta uliokuwa ndani ya mkate ambao lebo yake haikuutaja, na sheria ya jina lake ikaanza Oktoba 2021. Lakini hiyo inagusa chakula kilichofungashwa hapo hapo kinapouzwa. Sahani ya mgahawani bado unategemea ulimi wa mhudumu.

Basi baada ya hapo nikasema nile kwa watu ninaowaelewa. Leicester imejaa Wahindi waliotoka Afrika Mashariki, wengi wazazi wao walifukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972. Nikaingia mgahawa mmoja, mzee mwenyewe ananikaribisha kwa Kiswahili, "Karibu dada, habari ya nyumbani?" Machozi yalinilengalenga. Nikamweleza ugonjwa wangu, akasema chukua dengu na wali, hapo ngano hakuna. Nikamuomba anionyeshe viungo, na yeye, Mungu ambariki, akanipeleka hadi jikoni. Kwenye dengu kuna mvuje. Mvuje ule ule bibi zetu wanaomfunga mtoto mchanga mkononi. Nikageuza kopo: unga wa ngano umeandikwa kwa herufi nzito. Mvuje wa kopo mara nyingi huchanganywa na unga ili usigandane. Mzee alishtuka, miaka yote hiyo anaupika hajui. Yeye simlaumu hata kidogo, alifungua jiko lake akakubali kuulizwa. Akanipikia viazi na mayai kwenye sufuria safi.

Hata huku nyumbani, shangazi naye, biriani yake ilikuwa na vitunguu vya pakiti vilivyokwisha kukaangwa. Soma pakiti: unga wa ngano. Nilipokataa akasema, "Mwanangu, kidogo tu hakiui, umeanza mambo ya kizungu." Shangazi namheshimu sana, lakini neno hilo limenichoma kuliko tumbo lenyewe.

Nalisikia kila mahali. Kwamba ni fasheni. Daktari wa watoto wa Kiholanzi, Willem-Karel Dicke, aliliandika jambo hili mwaka 1950. Wakati wa njaa ya 1944 na 1945 kule Uholanzi mkate uliadimika, na watoto wenye ugonjwa huu wakapata nafuu. Mkate uliporudi, wakaumwa tena. Fasheni gani ya mtoto anayepata nafuu kwenye njaa ya vita? Anakadiriwa mtu 1 kati ya 100 duniani ana siliaki, na wengi hawajapimwa. Wanaotuharibia ni wale wanaoagiza "bila gluteni" kwa ajili ya kiuno, halafu wanashushia na bia ya shayiri. Mhudumu akiwaona hao, mimi nikija anajua naigiza.

Sasa ndege. Niliomba mlo maalumu tangu siku ya kukata tiketi. Upo, una msimbo wake unaotumika na mashirika mengi, GFML. Nikathibitisha kwa simu siku tatu kabla ya kurudi. Kwenda ulikuwepo. Kurudi, mhudumu ananiletea trei, nafunua, kuskusi! Nikamwambia kuskusi ni ngano. Akasema, "Huu ni mlo wa mboga, hauna nyama, kwa hiyo hauna gluteni." Akarudi na mkate wa rai, eti hauna ngano. Nikamuuliza mlo wangu uko wapi, akasema haukupakiwa. Saa saba angani nikala korosho nilizobeba na ndizi moja niliyopewa na mama aliyekaa pembeni yangu. Kama hamwezi kupakia, semeni kabla sijapanda. Nitabeba changu. Kunikubalia kwenye simu halafu kuniletea ngano kwa tabasamu, hilo siwezi kulisamehe.

Na msiniambie haiwezekani. Mwaka 2019 nilikwenda Bologna kikazi, Italia, nchi ya pasta na piza, nikala siku tisa bila hata kuumwa tumbo. Wao wana sheria ya siliaki tangu 2005. Mgonjwa anapewa na serikali posho ya chakula kila mwezi, na kantini za shule na hospitali zinatakiwa kumpa mlo wake akiomba. Mhudumu wa piza aliniuliza yeye kwanza kama ni siliaki au ni hiari, kabla sijafungua mdomo.

Nimeliandikia lile shirika la ndege barua mbili. Jibu la kwanza ni pole na pointi za safari. Nimewarudishia kwamba pointi sizitaki, nataka kujua nani alipokea simu yangu na kwa nini mlo haukupakiwa. Siku ya sita leo, kimya. Ile baa nimewaandikia pia, na nimewapelekea halmashauri ya mji wao inayokagua vyakula picha ya menyu pamoja na ya kikaangio.

Mdogo wangu amenitumia video ya mahafali aliyorekodiwa na mwenzake. Sijaifungua bado. Mwenye siliaki humu, au mwenye mtoto anayeumwa hivi, ambaye amewahi kuidai ndege au mgahawa akapata jibu la maana, naomba anieleze alianzia wapi.